Mpira wa Jumamosi na Mfuko wa Kikundi

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja, Nyeri)



Barua mliyopata ilisema kwamba leo nitafundisha juu ya kuweka vitabu vya pesa. Nitafundisha, msiwe na wasiwasi. Lakini nitaanza uwanjani. Naona cucu mmoja pale mbele anatikisa kichwa, ati mpira na vitabu vinajuana wapi? Cucu, vumilia kidogo. Tangu mwaka uanze vikundi vitatu vimekuja kwangu vikitaka ushauri wa kutengeneza mashindano ya kirafiki ya mwisho wa wiki, na viwili kati ya hivyo tayari viongozi hawasalimiani. Sababu haikuwa mpira. Sababu ilikuwa mfuko. Kwa hivyo wacha niwaeleze vile sisi wenyewe tulifanya, pamoja na aibu yake, ndipo tutafungua vitabu.

Timu yetu ni ya kijiji. Haina mdhamini wala ofisi. Ina waendesha boda boda, wachuma majani chai, fundi wa mawe mmoja, vijana waliomaliza kidato cha nne na hawajapata la kufanya, na beki mmoja ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka thelathini na minane na magoti yanayolia kama mlango wa ghala. Wanafanya mazoezi jioni, gizani likiingia. Jezi zao walizipata kwa kulima shamba la mzee mmoja siku nne. Njumu ni za mitumba, na golikipa alicheza mwaka mzima na glavu za kazi ya ujenzi.

Mwezi wa Julai 2025 ilikuja barua. Timu nane zimealikwa kwenye mashindano ya kirafiki upande wa Nanyuki, Jumamosi na Jumapili ya tarehe 23 na 24 Agosti. Kiingilio shilingi 3,000. Mshindi atapata beberu na mipira miwili. Mnakumbuka Agosti ile ilivyokuwa. Harambee Stars walikuwa wanacheza mashindano ya CHAN hapa nyumbani, tukiwa wenyeji pamoja na Tanzania na Uganda. Tarehe 10 waliwafunga Morocco moja bila, wakiwa wachezaji kumi uwanjani baada ya mmoja kupewa kadi nyekundu. Kila kijana hapa milimani alitaka kuvaa jezi. Hata wale waliokuwa wamesahau kwamba wana miguu ya kukimbia walionekana uwanjani.

Vijana hawakuwa na pesa, kwa hivyo walienda kwa kikundi cha akina mama kuomba mkopo wa shilingi 18,000. Mimi nilikuwa kwenye mkutano huo. Ulichukua saa tatu. Mama mmoja alisema vijana hawa hawawezi kulipa, wao wenyewe wanalala kwa mama zao. Mwingine akasema mpira ni mchezo, mkopo ni wa ng'ombe na mbolea. Kisha akasimama mama ambaye huwa hasemi sana. Alisema maneno ambayo sijasahau: "Pesa yetu ikikimbia na mpira, tutaifuata tukiiona. Ikienda kwa pombe, tutaifuata kaburini."

Watu walinyamaza. Si mnajua ni kwa nini. Mwezi wa Februari 2024, kule Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu. Kangai si mbali. Kila mmoja katika chumba kile alikuwa na mtoto, au ndugu, au mume, ambaye angeweza kuwa ameketi pale. Mkopo ulipita.

Hapa nataka mweke alama. Mkopo ulipita kwa moyo, na moyo ni kitu kizuri, lakini uliandikwa mistari miwili tu kwenye kitabu cha kumbukumbu. "Vijana wa mpira wamepewa 18,000. Watalipa miezi minne." Basi. Nani atalipa? Kapteni? Timu yote? Ikitokea shida je? Hakuna aliyeuliza. Na mimi niliye na diploma ya ustawi wa jamii nilikuwa nimeketi pale nikipiga makofi.

Matumizi yalikuwa hivi, na nawasomea kutoka kwa daftari langu. Kiingilio 3,000. Minibasi ya kwenda na kurudi 9,000. Chakula cha watu ishirini kwa siku mbili 4,500, na hiyo ni kwa sababu tulibeba githeri na unga wa uji kutoka nyumbani. Dawa ya kuchua na bandeji 350. Jumla 16,850. Zikabaki 1,150. Tulijiona mabingwa wa bajeti. Tazameni vizuri hesabu hiyo mniambie kilichokosekana. Hakuna? Tutaona.

Ijumaa usiku, tarehe 22, Harambee Stars walitolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya moja kwa moja. Vijana wetu walitazama kwenye hoteli moja ya sentani, na wengine walilia. Wakalala saa sita, na saa kumi na moja alfajiri minibasi ikapiga honi. Tulipita Kiganjo bado giza, na tulipofika Naro Moru mlima ulikuwa umefunguka wote, mweupe kule juu. Mwalimu wa beki akasema hiyo ni ishara njema. Mechi ya kwanza tulifungwa mbili bila.

Nataka niwasifu waandaaji kwa jambo moja kabla ya kuwalaumu kwa jingine. Walipanga mashindano kwa makundi mawili ya timu nne. Wengi wenu mnapoandaa mashindano mnafanya mtoano tu, kwa sababu ni rahisi: timu nane, mechi saba, kazi imekwisha. Lakini fikirieni. Katika mtoano, timu nne zinarudi nyumbani baada ya mechi moja. Mtu amelipa 3,000 na gari 9,000 kucheza dakika arobaini. Huyo mwaka ujao haji, na akirudi kwao atasema aliibiwa. Kwa makundi, kila timu inacheza mechi tatu hakika. Mechi zote zinakuwa kumi na mbili, na nusu fainali mbili, na fainali, hizo ni kumi na tano. Mkicheza dakika ishirini kila kipindi, ukiongeza mapumziko na kubadilishana timu, kila mechi inakula karibu saa nzima. Mechi kumi na tano kwa uwanja mmoja haziishi siku moja. Kwa hivyo ni viwanja viwili, au ni siku mbili. Wao walifanya siku mbili na viwanja viwili, na Jumapili mechi hazikuanza mpaka watu wametoka Misa. Hiyo ni akili.

Kwa sababu ya makundi, kufungwa mbili bila hakukutumaliza. Mechi ya pili tulitoka sare bila bao. Ya tatu tukashinda tatu kwa moja, na bao moja alilifunga yule mwalimu kwa kichwa kwenye kona, na hadi leo hajatuacha tusahau. Pointi nne. Tukawa wa pili kwenye kundi na tukaingia nusu fainali. Usiku tulilala kwenye darasa, juu ya magunia, na sikumbuki kama nimewahi kusikia vicheko kama vile. Vijana ishirini, hakuna chupa hata moja. Nilimpigia simu mama mweka hazina nikamwambia pesa yake inakimbia vizuri.

Jambo moja sikulipenda. Pale kando ya uwanja vijana wengi wa mji walikuwa na simu mkononi wakicheza kamari, mpaka mwingine akatuuliza kama kuna mahali anaweza kuweka dau juu ya mechi yetu. Juu ya mechi ya beberu! Nitalisema siku nyingine, lina hotuba yake.

Jumapili, nusu fainali, kipindi cha pili, tukiwa nyuma bao moja. Kijana wetu wa kiungo, mwendesha boda boda wa miaka ishirini na minne, alikwenda kuwania mpira na beki wa upande ule. Hakukuwa na ubaya. Wote wawili waliufuata mpira. Tulisikia mlio. Nilikuwa upande wa pili wa uwanja na niliusikia. Muundi wa mguu wa kulia ulikuwa umevunjika.

Sasa sikilizeni vile watu walifanya, kwa sababu ndivyo mngefanya na ninyi. Watu thelathini waliingia uwanjani. Mmoja akamwagia maji. Mmoja akasema, simama, ukikaa damu itaganda. Wawili wakashika mguu ili wauvute "urudi mahali pake". Kama si yule mwalimu wa magoti mabovu kuwasukuma kwa nguvu na kuwapigia kelele kama watoto wa darasa la pili, wangeuvuta, na mfupa ungekata nyama na mishipa ndani. Mguu uliovunjika hauvutwi na mtu ambaye si daktari. Unaushikilia vile ulivyo. Tulitafuta fito mbili za ua, tukazifunga leso ili zisimuumize, tukaziweka pande zote mbili za mguu kutoka juu ya goti mpaka chini ya kifundo, tukafunga juu na chini ya pale palipovunjika, wala si juu ya jeraha lenyewe. Halafu unatazama vidole: vikiwa vyeupe au baridi, au mtu akisema havisikii, umefunga sana, legeza. Tukamfunika na jaketi kwa sababu alikuwa anatetemeka. Hatukumpa chai wala chakula, kwa maana huenda hospitalini atalazwa usingizi wa dawa. Tukambeba juu ya blanketi watu sita.

Hakukuwa na machela, wala sanduku la huduma ya kwanza, wala gari lililowekwa tayari. Niliwauliza waandaaji. Mmoja akanijibu, "Madam, ajali haikuwa kwenye bajeti." Nilikasirika sana. Kisha nikakumbuka daftari langu. Na kwangu haikuwamo.

Pale hospitalini ikaonekana kwamba kijana amejiandikisha SHA, lakini hajalipa. Kujiandikisha si kulipa, ndugu zangu, na nawaomba mpeleke neno hili kwenye vikundi vyenu. Tangu Oktoba 2024 ile NHIF ya zamani imeondoka. Asiye na mshahara anapimiwa mchango kulingana na mapato ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, hiyo ni 3,600 kwa mwaka, na inatakiwa ilipwe ya mwaka mzima. Kijana wa boda boda hana 3,600 siku moja. Lakini anaweza kuwa na 70 kwa wiki. Hesabu hiyo ni kazi ya kikundi, nitairudia.

Tulikuwa na 1,150. Ilihitajika zaidi ya 20,000 ili aanze kutibiwa sawasawa. Ilikuwa kama saa kumi na moja jioni. Nikampigia mama mweka hazina wa kikundi cha akina mama, nikamweleza, nikamwambia atume 20,000 kwa M-Pesa kutoka kwa mfuko wa kikundi, mambo ya karatasi tutafanya kesho.

Akakataa.

Alisema katiba ya kikundi inataka kamati ikae na watu watatu watie sahihi kwa pesa yoyote inayozidi 5,000. Nikamwambia kijana analia hapa nikimsikia. Akaniambia, "Madam, pesa hizi ni za watu thelathini na wawili. Mimi ni kufuli tu." Nami nikamjibu kwamba moyo wake ni wa jiwe, na nikakata simu. Nilimwambia hivyo mama aliyenizidi umri kwa miaka ishirini. Vijana walisikia, na wao pia wakaanza kumtukana kwa maneno ambayo siwezi kuyasema hapa.

Wakati huo kapteni wa timu ile nyingine, wale tuliokuwa tunacheza nao, alikuja hospitalini bado na njumu miguuni. Alikuwa amevua kofia ya mtu na kuizungusha uwanjani. Shilingi 8,700, nyingine sarafu. Yule beki aliyegongana na kijana wetu alikuwa nyuma yake, hawezi kuongea. Alikaa kwenye benchi mpaka saa nne usiku. Mechi, kama mnataka kujua, ilimalizwa na wengine. Tulifungwa ile moja bila, na hakuna aliyeuliza.

Saa tatu usiku simu yangu ikalia. Ni mama mweka hazina. Ametuma 5,000. Nikafikiri amebadilisha nia. Hapana. Zilikuwa zake mwenyewe, pesa ya maziwa. Na baada ya kuzituma alikuwa amechukua tochi na mjukuu wake, akazunguka nyumba hadi nyumba kijijini kwenye giza, akieleza habari na kuandika kwenye kitabu kila aliyetoa na alichotoa. Mwisho wa usiku ule alikuwa amepata 16,550. Ongezeni: 8,700 na 1,150 na 5,000 na 16,550. Ni 31,400. Kijana alitibiwa.

Nimefikiria sana juu ya mama huyo. Baadaye alinieleza, bila hasira, kwamba miaka kadhaa kabla mimi sijaja huko, kikundi chao cha kwanza kilikufa hivyo hivyo. Mweka hazina wa wakati huo alipigiwa simu usiku, ni dharura, ni mgonjwa, akatoa pesa. Mgonjwa alikuwepo kweli. Lakini mwezi uliofuata kukawa na dharura nyingine, na nyingine, na hakuna karatasi, na mwishowe hakuna aliyejua pesa ni ngapi. Akina mama waliokuwa wamechanga miaka mitano wakagawana madeni. Kwa hivyo alipokataa hakuwa anamkataa kijana, alikuwa anawalinda wale thelathini na wawili, kisha akamsaidia kijana na kilicho chake. Nilienda kumwomba msamaha nyumbani kwake. Akanipa uji na akaniambia nisirudie kumkatia simu.

Lakini simsifu mpaka nifunge macho. Katiba yao ilikuwa na kosa, nami nilimwambia. Katiba isiyojua kwamba watu huvunjika miguu Jumapili jioni haijakamilika. Kwa hivyo kamati ilikaa, na mkutano mkuu ukapitisha kifungu cha dharura. Kinasema hivi: kuna mfuko mdogo kando, usiozidi 10,000. Viongozi wawili kati ya watatu wakikubaliana, hata kwa simu, unaweza kutoka siku hiyo hiyo, kwa ugonjwa au ajali peke yake. Anayepokea anaandikwa jina, na pesa inaenda kwa hospitali, haiendi mkononi. Kamati inakaa ndani ya siku saba na kuandika kumbukumbu. Mfuko ukitumika, hautumiki tena mpaka ujazwe. Mama mweka hazina ndiye aliyesisitiza hilo la mwisho. Nilijua atalisema.

Na timu nayo ikasajiliwa kama kikundi. Mnajua tuna sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya kijamii. Inataka watu wasiopungua kumi, katiba, viongozi waliochaguliwa, na kumbukumbu za mkutano. Vijana wa mpira ni zaidi ya kumi, na wanakutana mara nyingi kuliko vikundi vingi vilivyo humu ndani. Kwa nini wasijisajili? Sasa wana daftari lao, na kila mchezaji anatoa shilingi 70 kila Jumamosi baada ya mazoezi. Wiki hamsini na mbili, hiyo ni 3,640. Mwaka ukiisha, mchango wa SHA wa kiwango kile cha chini umepatikana na shilingi arobaini za soda. Asiyetoa wiki tatu mfululizo anakaa benchi hata kama ni mfungaji mabao. Hiyo kanuni waliitunga wenyewe, na mtu wa kwanza kukaa benchi alikuwa kapteni.

Msidhani tulilivumbua hili la kufunga mpira pamoja na kazi. Kule Mathare, Nairobi, tangu mwaka 1987 kuna chama cha vijana kinachoitwa MYSA. Walianza na watoto waliocheza mipira ya karatasi na nailoni, na wakaweka sharti: timu inapata pointi za ligi si kwa mabao tu bali pia kwa kusafisha mitaa na mitaro. Ukishinda mechi zote na mtaro wenu umejaa taka, uko nyuma. Mwaka 1992 walitunukiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Na msiseme basi hao walikuwa wazoaji taka tu. Kutoka kwao ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Kilifi nako, tangu mwanzo wa miaka ya 2000, kuna Moving the Goalposts, ambayo ni ya wasichana. Nawauliza wazee: hapa kwetu wasichana wanacheza wapi? Nilipouliza kijijini kwetu niliambiwa jioni wanateka maji. Haya, na wavulana?

Nirudi kwa kijana. Ndipo pagumu. Daktari alisema asiendeshe pikipiki kwa muda wa miezi minne. Pikipiki yenyewe ni ya mkopo, na malipo ni 450 kila siku, Jumapili peke yake ndiyo ya kupumzika. Ukikosa siku kadhaa wanakuja kuichukua, na yote uliyolipa yamekwenda. Alikuwa amelipa zaidi ya nusu. Mama yake ni mjane. Kwa hivyo mguu uliovunjika Nanyuki ulikuwa unataka kuvunja nyumba huku.

Wazee humu wanakumbuka ngwatio. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Vijana hawa hawakuwa wameliona kwa macho, wamelisikia tu kwa nyanya zao. Lakini mmoja wao alisema, kwani pikipiki si shamba? Wenzake sita wenye leseni wakagawana wiki. Jumatatu wako, Jumanne wangu. Aliye na zamu anaendesha pikipiki ya mgonjwa kutwa nzima. Jioni 450 inaenda kwa mkopo kwanza, kinachobaki baada ya mafuta kinagawanywa nusu kwa nusu kati ya mwendeshaji na mgonjwa.

Iliendelea vizuri wiki tano. Halafu mgonjwa akaniita akiwa na aibu. Yule wa Alhamisi, kila wiki analeta 450 na kusema hakuna kilichobaki. Na Alhamisi ni siku ya kazi nyingi. Sikutaka kuingilia. Nilimwambia kapteni aitishe mkutano, na aweke kitabu mezani. Kila siku ilikuwa imeandikwa, na Alhamisi ilikuwa peke yake tupu. Hakuna aliyemwita mwizi. Kitabu kilisema. Kijana alitoka nje, akarudi baada ya nusu saa na 1,200, akasema nyingine ataleta. Alitolewa kwenye zamu, golikipa akachukua Alhamisi. Bado anachezea timu. Wengine mtasema angefukuzwa. Mimi nilikuwa nataka afukuzwe. Mgonjwa ndiye aliyekataa, na kwa kuwa pesa zilikuwa zake nilinyamaza.

Hapa ndipo vitabu vya pesa vinaingia, cucu. Kile kitabu cha pikipiki kilikuwa na safu tano tu: tarehe, jina, pesa iliyoingia, mafuta, iliyobaki kugawanywa. Kijana wa darasa la sita anaweza kukiweka. Baada ya chai nitawapa karatasi mfanye yenu.

Mengine nayapitia haraka. Kabla ya mashindano, shikeni milingoti ya goli muitikise. Milango ya chuma inayohamishwa lazima ifungwe chini kwa vigingi, kwa sababu ikiangukia mtoto inaua, na watoto hupenda kuning'inia hapo. Mtu akigongwa kichwa na akapoteza fahamu hata kidogo, au akauliza leo ni siku gani, ametoka. Harudi uwanjani siku hiyo, hata kama ni fainali, hata kama mwenyewe anataka. Akianza kutapika au kusinzia ni hospitali. Refa asitoke kwenye kijiji chochote kinachocheza, na alipwe kabla ya mechi, si baada, ili asimwogope yeyote. Gari moja lisimame karibu na uwanja na dereva asiende kunywa. Na msipange mashindano Oktoba mpaka Desemba, kwa kuwa vijana wako kwenye kahawa na mvua inafanya uwanja kuwa shamba la mpunga. Januari ni kavu.

Ule mkopo wa akina mama? Vijana wamelipa 13,700. Zimebaki 4,300. Walichelewa kwa sababu ya mambo hayo yote, na kamati iliwaongezea miezi miwili, safari hii kwa maandishi, na kapteni na wengine wawili wametia sahihi. Kijana mwenyewe sasa anatembea bila fimbo. Kucheza bado, lakini ameomba awe mshika kibendera, na analalamika kwamba hakuna anayemsikiliza.

Timu ile ya Nanyuki tumeialika ije kwetu kwa mashindano Januari, timu nane, makundi mawili. Yule beki ametuma salamu kwamba atakuja. Bajeti iko ukutani pale, mwende muisome, na mstari wa kwanza ni wa ajali. Tuna sanduku la huduma ya kwanza. Machela bado hatuna. Kama kuna seremala katika vikundi vyenu anayeweza kututengenezea moja kwa mbao na turubai, tafadhali anione wakati wa chai. Mbao tutanunua sisi.